Sura ya Tatu: Kwa Nini Kumi Huishinda Tisa

Mwanzoni mwa karne ya 17, wacheza kamari wa Italia walikuwa na jambo lililowatatiza. Walikuwa na mchezo wa kurusha dadu tatu kwa pamoja na kujumlisha nukta zilizotokea juu. Kwa kukaa mezani miaka mingi, waligundua kwamba jumla ya 10 hutokea mara nyingi kidogo kuliko jumla ya 9. Lakini kila walipochukua kalamu na kuhesabu, karatasi iliwaambia kwamba jumla hizo mbili ziko sawa.

Hesabu yao ilikwenda hivi. Jumla ya 9 hupatikana kwa namna sita: 1-2-6, 1-3-5, 1-4-4, 2-2-5, 2-3-4 na 3-3-3. Jumla ya 10 nayo hupatikana kwa namna sita: 1-3-6, 1-4-5, 2-2-6, 2-3-5, 2-4-4 na 3-3-4. Sita kwa sita. Mbona basi 10 inaongoza?

Swali lilimfikia Galileo Galilei, yule aliyeielekeza darubini angani na kuiona miezi minne ya sayari ya Mshtarii. Galileo alilijibu kwa kurasa chache tu. Hakutumia fomula yoyote ya kutisha, alihesabu. Tofauti kati yake na wacheza kamari ni kwamba yeye alijua nini cha kuhesabu.

Elimu ya uwezekano, ambayo leo inatumika kupanga bei ya bima, kupima dawa mpya na kutabiri mvua, ilianzia kwenye meza kama ile. Msingi wake ni kuhesabu, na kuhesabu huko kuna sharti moja. Ukilizingatia, utatatua mafumbo yaliyowashinda watu wakubwa. Ukilipuuza, utakosea hata kama hesabu zako za kujumlisha na kugawanya hazina dosari. Sharti lenyewe ni hili: matokeo unayoyahesabu lazima yawe na uzito sawa, yaani kila moja liwe na nafasi ya kutokea sawa na mwenzake.

Sarafu mbili zina matokeo mangapi?

Tuanze na sarafu. Upande wenye sura ya kiongozi tuuite kichwa, na upande wa pili tuuite mwenge, kwa kukumbuka shilingi ya Tanzania ya mwaka 1966. Ukirusha sarafu moja, matokeo ni mawili: kichwa (K) au mwenge (M). Sarafu ikiwa haikupinda wala kuchezewa, hakuna sababu ya upande mmoja kuupita mwingine. Kwa hiyo uwezekano wa kichwa ni tokeo moja kati ya mawili, yaani 1/2.

Kanuni yenyewe ndiyo hiyo. Uwezekano wa tukio ni idadi ya matokeo yanayolileta tukio hilo, ikigawanywa kwa idadi ya matokeo yote, mradi matokeo yote yawe na uzito sawa. Jambo lisiloweza kutokea lina uwezekano wa 0, na jambo ambalo halina budi kutokea lina uwezekano wa 1. Mengine yote hukaa katikati.

Sasa rusha sarafu mbili. Muulize mtu yeyote kuna matokeo mangapi, na wengi watakujibu matatu: vichwa viwili, mienge miwili, au kimoja kimoja. Atakayeishia hapo atasema kila tokeo lina uwezekano wa 1/3. Amekosea.

Chukua sarafu ya shilingi 100 na ya shilingi 200 ili uweze kuzitofautisha. Vichwa viwili huja kwa njia moja tu: zote mbili zilale kichwa juu. Mienge miwili hali kadhalika. Lakini kimoja kimoja kina njia mbili: ya 100 ionyeshe kichwa na ya 200 mwenge, au ya 100 ionyeshe mwenge na ya 200 kichwa. Orodha kamili ina mistari minne: KK, KM, MK, MM. Kimoja kimoja kina uwezekano wa 2/4, yaani nusu, na vichwa viwili vina 1/4 tu.

Je, sarafu zikiwa za aina moja, zinazofanana kabisa? Jibu halibadiliki. Sarafu hazina habari kama sisi tunaweza kuzitofautisha au hatuwezi. Kila moja inaanguka kivyake, na njia za kuanguka ni zile zile nne.

Kila sarafu unayoiongeza inazidisha orodha mara mbili, kwa kuwa kila mstari wa zamani unapata watoto wawili, mmoja unaoishia K na mwingine unaoishia M. Sarafu tatu zina matokeo 8, nne zina 16, na kumi zina 1,024. Hapo hakuna anayetaka kuandika orodha nzima, lakini wajibu wa kujua kwamba orodha ipo, na kila mstari wake una uzito gani, haukwepeki.

Ukidhani kosa la matokeo matatu ni la watoto wa shule tu, msikilize Jean le Rond d'Alembert. Alikuwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa, na ndiye aliyehariri pamoja na Denis Diderot ile Ensaiklopidia mashuhuri ya karne ya 18. Mwaka 1754, katika Ensaiklopidia hiyohiyo, aliandika juu ya kurusha sarafu. Aliuliza: nikiruhusiwa kurusha mara mbili, nina uwezekano gani wa kupata kichwa angalau mara moja? Akatoa hoja kwamba kichwa kikitokea mara ya kwanza, mchezo umekwisha, hakuna haja ya kurusha tena. Kwa hiyo matokeo ni matatu: K, M halafu K, M halafu M. Mawili kati ya hayo yanafaa, basi jibu ni 2/3.

Jibu sahihi ni 3/4. Orodha ya d'Alembert haijaacha kitu. Kasoro yake ni kuwa mistari yake haina uzito sawa. Tokeo la K peke yake hutokea nusu ya mara zote, wakati M-K na M-M kila moja hutokea robo. Nusu na robo ni robo tatu. D'Alembert alihesabu matokeo mazito na mepesi kama kwamba ni mamoja.

Dadu mbili

Dadu ina nyuso sita, na zile zinazopeana mgongo hujumlika kuwa 7: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Aliyecheza ludo anajua ugumu wa kuisubiri 6 ili kete itoke nyumbani. Kwa dadu moja, uwezekano wake ni 1/6.

Tuseme sasa una dadu nyekundu na nyeupe. Kila uso wa nyekundu unaweza kukutana na nyuso zote sita za nyeupe, kwa hiyo matokeo ni 6 mara 6, sawa na 36. Miongoni mwa wa kwanza kulieleza jambo hili kwa utaratibu ni Gerolamo Cardano, aliyezaliwa Pavia, Italia, mwaka 1501. Alikuwa daktari, mwanahisabati na mcheza kamari wa kupindukia. Aliandika kitabu kuhusu michezo ya bahati ambamo alionyesha matokeo 36 ya dadu mbili na 216 ya dadu tatu. Bahati mbaya kitabu hicho hakikuchapishwa hadi mwaka 1663, akiwa amekwisha kufa tangu 1576. Kwa hiyo kizazi cha Galileo hakikukipata.

Tukizipanga jumla za dadu mbili, njia za kufikia kila moja ni hizi:

jumla ya 2 au 12: njia 1 kila moja
jumla ya 3 au 11: njia 2 kila moja
jumla ya 4 au 10: njia 3 kila moja
jumla ya 5 au 9: njia 4 kila moja
jumla ya 6 au 8: njia 5 kila moja
jumla ya 7: njia 6

Zikusanye zote, utapata 36. Saba ndiyo jumla inayotokea mara nyingi kuliko zote, kwa sababu dadu ya kwanza ikionyesha namba yoyote ile, daima kuna uso mmoja wa dadu ya pili unaoweza kukamilisha 7. Jumla nyingine hazina uhakika huo: ukitaka 12 na dadu ya kwanza ikaonyesha 3, safari imeishia hapo.

Itazame tena 11. Ina njia mbili: nyekundu 5 na nyeupe 6, au nyekundu 6 na nyeupe 5. Kumi na mbili ina njia moja, 6 na 6. Kwa hiyo 11 ni rahisi mara mbili ya 12. Gottfried Leibniz, mmoja wa wagunduzi wawili wa kalkulasi, aliandika kwamba jumla hizo mbili ni sawa kwa urahisi, kwa kuwa kila moja ina mchanganyiko mmoja tu. Ni kosa lilelile la sarafu mbili.

Kuna mtego mwingine hapa, wa kuhesabu kitu mara mbili. Ukirusha dadu mbili, uwezekano wa kupata 6 angalau moja ni upi? Mtu atasema: nyekundu ina 6 katika matokeo 6, nyeupe nayo katika 6, jumla 12 kati ya 36. Lakini tokeo la 6-6 limo katika makundi yote mawili. Liondoe mara moja, yabaki 11. Jibu ni 11/36.

Sasa twende kwa Galileo. Dadu tatu zina matokeo 6 × 6 × 6, yaani 216. Namna za wacheza kamari hazina uzito sawa. Namna yenye namba tatu tofauti, kama 1-2-6, inaweza kugawanywa kwa dadu tatu kwa njia 6. Yenye namba mbili zinazofanana, kama 1-4-4, ina njia 3, kwa sababu kinachobadilika ni dadu ipi imebeba ile 1. Na 3-3-3 ina njia moja peke yake.

Jumla ya 9 basi inapata 6 + 6 + 3 + 3 + 6 + 1, sawa na njia 25. Jumla ya 10 inapata 6 + 6 + 3 + 6 + 3 + 3, sawa na njia 27. Kumi inaishinda tisa kwa njia mbili katika 216, chini ya asilimia moja. Anayestahili kustaajabiwa hapa ni yule mcheza kamari aliyekaa mezani muda mrefu kiasi cha kuuona upungufu mdogo namna hiyo, akauamini kuliko karatasi yake. Macho yake yalikuwa sahihi. Orodha yake ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Mchezo uliokatishwa

Mwaka 1494, Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, alichapisha kitabu kikubwa cha hesabu chenye swali lililodumu zaidi ya miaka 150 bila jibu la kuridhisha. Watu wawili wameweka dau sawa katika mchezo wa raundi nyingi, kisha mchezo ukakatishwa kabla ya mshindi kupatikana. Fedha zigawanywe vipi?

Tuliweke kwa mfano wetu. Hamisi na Rashidi wanarusha sarafu. Kichwa ni ushindi wa Hamisi, mwenge ni wa Rashidi. Wa kwanza kufikisha ushindi 5 anachukua shilingi 16,000 zote. Hamisi ana 3, Rashidi ana 2, mvua inanyesha na kila mtu anakimbilia kwake. Pacioli angegawa kwa kuangalia raundi zilizokwisha kuchezwa: tatu kwa mbili, yaani Hamisi 9,600 na Rashidi 6,400.

Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya swali hili, na wanahistoria wengi huzihesabu barua hizo kuwa mwanzo halisi wa elimu ya uwezekano. Wote wawili waliona kwamba haki inategemea raundi zilizobaki, si zilizopita. Hamisi anahitaji ushindi 2, Rashidi 3. Raundi nne zaidi lazima zitoe mshindi. Fermat akasema tuhesabu kana kwamba raundi zote nne zitachezwa. Matokeo ni 16. Hamisi anashinda kila penye vichwa viwili au zaidi: yenye vichwa viwili ni 6, yenye vitatu ni 4, yenye vinne ni 1. Jumla 11. Rashidi anabaki na 5. Kwa hiyo Hamisi achukue 11,000 na Rashidi 5,000.

Gilles de Roberval, mwanahisabati wa Paris, alipinga. Hamisi akishinda raundi mbili za kwanza mchezo umekwisha. Kwa nini tuhesabu raundi ya tatu na ya nne ambazo hakuna atakayezicheza? Ni hoja inayovutia sikio. Tuifuate tuone inatufikisha wapi. Tukisimamisha kila mchezo pale mshindi anapopatikana, Hamisi ana matokeo 6: KK, KMK, MKK, KMMK, MKMK, MMKK. Rashidi ana 4: MMM, KMMM, MKMM, MMKM. Sita kwa nne ni sawa na tatu kwa mbili, mgawo uleule wa Pacioli!

Lakini KK hutokea mara moja katika kila 4, wakati KMMK hutokea mara moja katika kila 16. Ukiyahesabu kuwa sawa, umemdhulumu Hamisi shilingi 1,400. Raundi za ziada za Fermat hazipo ili zichezwe. Zipo ili kila mstari wa orodha uwe na urefu mmoja, na kwa hiyo uzito mmoja. Pascal alilieleza hilo vizuri katika barua zake za 1654. Miaka 100 baadaye d'Alembert akaingia katika shimo lilelile.

Kuhesabu kwa kinyume

Barua hizo zilichochewa na Antoine Gombaud, aliyejulikana kwa jina la Chevalier de Méré, mtu wa jamii ya juu aliyependa michezo na mijadala. Alikuwa na fumbo lake. Ukirusha dadu moja mara nne, dau la kwamba 6 itatokea angalau mara moja lina faida. Kwa ulinganifu, alidhani, dau la kupata 6-6 kwa dadu mbili katika mitupo 24 lingekuwa na faida vilevile: nne kwa sita ni sawa na ishirini na nne kwa thelathini na sita. Lakini hesabu ilikataa, naye akadai kwamba hesabu inajipinga yenyewe.

Kuhesabu moja kwa moja njia zote za kupata 6 angalau mara moja ni kazi ya kuchosha: kuna mara moja, mara mbili, mara tatu, mara nne, na kila moja ina nafasi zake. Njia ya mkato ni kuhesabu yale usiyoyataka, kisha kuyatoa. Mitupo minne ina matokeo 6 × 6 × 6 × 6, yaani 1,296. Yasiyo na 6 hata moja ni 5 × 5 × 5 × 5, yaani 625. Yanayobaki ni 671, ambayo ni asilimia 51.8 ya yote. Dau lina faida, ndogo lakini ya kweli.

Kwa dadu mbili, kila mtupo una nafasi 35 kati ya 36 za kukosa 6-6. Zidisha 35/36 kwa yenyewe mara 24, utapata takriban asilimia 50.9 za kukosa, kwa hiyo za kupata ni asilimia 49.1. Dau ni la hasara. Ukiongeza mtupo mmoja, ikawa mitupo 25, linarudi kwenye faida, asilimia 50.6. Ulinganifu wa de Méré ulishindwa kwa sababu uwezekano wa mtupo mmoja baada ya mwingine haujumlishwi. Ungekuwa unajumlishwa, mitupo 6 ya dadu ingekuwa na uhakika wa kuleta 6, na kila mcheza ludo anajua uongo wa hilo.

Mkeka wa mechi kumi

Kuzidisha ndiko kunakoamua hatima ya mikeka ya kubashiri mechi inayobandikwa kila wikendi kwenye vibanda na simu za Afrika Mashariki. Mtu anachagua mechi kumi, zote lazima zije kama alivyotabiri. Moja ikikataa, mkeka umechanika. Kila mechi ina matokeo matatu: ushindi wa nyumbani, sare, ushindi wa ugenini. Njia za kuujaza mkeka wa mechi kumi ni 3 zikizidishwa mara kumi, yaani 59,049, na ni njia moja tu inayolipa.

Bila shaka njia hizo hazina uzito sawa. Timu kubwa ikiikaribisha timu dhaifu, mzani umelalia upande mmoja. Kwa hiyo tumpe mchezaji wetu heshima yake. Tuseme ni mjuzi wa soka, na katika kila mechi ana uwezekano wa asilimia 70 wa kupatia, mechi moja isiathiri nyingine. Zidisha 0.7 mara kumi. Unapata 0.028, chini ya asilimia 3. Mjuzi huyu, anayepatia mechi saba katika kila kumi, atachaniwa takriban mikeka 97 katika kila 100.

Ndiyo maana mkeka unaokaribia kushinda ni wa kawaida mno. Mtu anapatia mechi tisa, anakosa moja, anaamini amebakiza kidogo. Kihesabu, kupatia tisa au nane si dalili ya kukaribia chochote. Na yule jirani aliyeshinda anasikika mtaa mzima kwa sababu walioshindwa hawapigi kelele. Wahenga walikwisha kuonya: bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi.

Sarafu haina kumbukumbu

Husimuliwa kwamba usiku wa tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, gurudumu la ruleti liliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri nyeusi ilivyozidi kurudi, ndivyo watu walivyozidi kumwaga fedha kwenye nyekundu, wakiamini zamu yake imefika. Waliondoka mikono mitupu.

Mfululizo huo ni nadra sana. Gurudumu lina nafasi 37: nyekundu 18, nyeusi 18 na sifuri moja. Uwezekano wa nyeusi 26 mfululizo ni takriban moja kwa milioni 137. Lakini huo ni uwezekano kabla ya kuanza. Nyeusi 25 zikishatokea, hazihesabiwi tena. Limebaki swali la mzunguko mmoja, na jibu lake ni 18/37 kama lilivyokuwa jioni ilipoanza. Vivyo hivyo kwa sarafu: orodha KKKKK na orodha KKKKM zina uzito sawa, 1/32 kila moja. Vichwa vinne vilivyotangulia havina la kusema juu ya mtupo wa tano.

Msomaji atauliza: basi ile kauli kwamba sarafu hujisawazisha inatoka wapi? Jakob Bernoulli wa Uswisi aliithibitisha kihesabu katika kitabu kilichotoka mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake: kadiri mitupo inavyoongezeka, sehemu ya vichwa inaelekea nusu. Kinachosawazika ni sehemu, si tofauti ya idadi.

Jaribio la John Kerrich linaonyesha hilo vizuri. Mwanahisabati huyu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, alikuwa Copenhagen kuwatembelea wakwe zake wakati Wajerumani walipoivamia Denmark Aprili 1940. Akawekwa kizuizini, na humo akarusha sarafu mara 10,000 na kuandika kila tokeo. Baada ya mitupo 100 alikuwa na vichwa 44: pungufu ya nusu kwa 6, asilimia 44. Baada ya 10,000 alikuwa na vichwa 5,067: zaidi ya nusu kwa 67, lakini asilimia 50.67. Tofauti ya idadi imepanda kutoka 6 hadi 67, na bado asilimia imeisogelea nusu. Sarafu haikulipa deni lolote. Mitupo mipya ilikuwa mingi mno hata deni la mwanzo likamezwa.

Uzito sawa unatoka wapi?

Muda wote tumekubali kwamba nyuso za sarafu na dadu zina nafasi sawa. Hilo ni dhana, nayo hupimwa. Mwaka 2023 kundi la watafiti lililoongozwa na František Bartoš wa Amsterdam lilitoa matokeo ya mitupo 350,757 ya sarafu iliyorushwa kwa mkono. Vichwa na mienge vilikaribia kulingana kabisa, lakini sarafu iliangukia upande uliokuwa juu kabla ya kurushwa kwa asilimia 50.8. Persi Diaconis na wenzake walikuwa wametabiri upendeleo wa aina hiyo mwaka 2007 kwa kuchunguza jinsi sarafu inavyoyumba hewani. Refa anayerusha sarafu bila manahodha kuona upande ulio juu amekwisha kuuondoa upendeleo huo.

Kabla hujaendelea na sura inayofuata, jaribu maswali matatu kwa kalamu na karatasi. Ukirusha sarafu tatu, uwezekano wa kupata vichwa viwili kamili ni upi? Ukirusha dadu mbili, uwezekano wa namba zote mbili kufanana ni upi? Ukirusha dadu tatu, kati ya 11 na 12 ipi inatokea zaidi? Majibu ni 3/8, 1/6, na 11 kwa njia 27 dhidi ya 25. Ukipata jibu tofauti, usianze kwa kukagua kuzidisha kwako. Anza na orodha: kuna mistari uliyoihesabu kuwa sawa na haiko sawa.

Na siku mtu atakapokuambia kwamba jambo lina matokeo mawili tu, kupata au kukosa, kwa hiyo ni nusu kwa nusu, usibishane naye. Muulize swali moja: kupata kuna njia ngapi, na kukosa kuna njia ngapi?